Kwa nini mtoto hafanani na baba yake? Somo la meiosisi na heshima ya ndoa zetu

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa maswali yanayotufikia baada ya darsa, na mengine kwa njia ya simu, kuna manne ambayo ukiyasikia unaweza kudhani hayahusiani. Mume anataka kumuacha mkewe kwa sababu anamzalia watoto wa kike tu. Mwengine ana shaka na mtoto wake kwa sababu rangi ya mtoto si ya baba wala si ya mama. Mama mkwe anataka kujua kama mke wa mwanawe "ana kitu", kwa kuwa mimba zake zinatoka. Na wazazi wenye mtoto wa selimundu, maradhi ambayo wengi huyaita sikoseli, wanagombana juu ya ukoo upi ulioyaleta nyumbani.

Nyuma ya maswali yote manne kuna jambo moja, nalo vijana wetu wa sekondari wanalisoma skuli kwa jina la meiosisi. Wanalisoma kwa Kiingereza, wanakariri hatua zake kwa ajili ya mtihani, kisha daftari linafungwa. Baba na mama nyumbani hawaambiwi kitu. Tumeona ni wajibu wetu tulieleze kwa lugha yetu, kisha tuseme sheria inatutaka nini baada ya kulijua.

Kusoma elimu ya uzazi si kukosa haya

Wapo wazazi wanaosikia binti yao anasoma habari za mbegu na mayai wakaona skuli inamuharibu. Haya ni jambo tukufu katika dini yetu, lakini haikuwekwa ili imzuie mtu kujua. Mama Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Ummu Sulaym (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) akamuuliza waziwazi kama mwanamke analazimika kuoga anapoota ndoto ya namna ile wanayoota wanaume. Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Alimjibu, na katika jibu lake, kama lilivyopokewa katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, alibainisha kuwa mwanamke naye ana maji yake, na kwa sababu hiyo mtoto humfanana mama.

Tuliangalie hilo vizuri. Kabla ya hapo, mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki alifundisha kuwa mwanamme ndiye anayetoa umbo la mtoto, na mwanamke anatoa mada tu ya kujengea. Fikra hiyo ilidumu karne nyingi, na athari yake bado ipo majumbani mwetu pale mke anapoonekana kama shamba lililopokea mbegu ya mtu. Waislamu tulikwishaambiwa kuwa mama ana fungu lake katika sura ya mtoto.

Hatusemi kuwa Qur'ani imekuja kufundisha baiolojia. Imekuja kuongoza. Aya ya 2 ya Suratul Insan inataja kuwa mtu ameumbwa kwa tone lililochanganyika, na wafasiri wa mwanzo wamelieleza kuwa ni maji ya mwanamme na ya mwanamke yanapokutana. Namna uchanganyaji huo unavyofanyika, watu wameachiwa waitafute kwa macho na akili walizopewa.

Meiosisi ni nini?

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Ndani ya karibu kila seli mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi nyembamba zinazoitwa kromosomu. Juu ya nyuzi hizo zimepangwa jeni, nazo ni maelekezo ya kuujenga mwili: rangi ya macho, aina ya damu, urefu na mengineyo. Mtu wa kawaida ana kromosomu 46, yaani jozi 23. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ni 48, mpaka mwaka 1956 ambapo Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliofanya kazi mjini Lund, Sweden, walipotangaza hesabu iliyo sahihi.

Tuchukue mfano wa kitabu chenye juzuu 23. Ndani ya kila seli zimo nakala mbili za kila juzuu: moja umeipata kwa baba yako na moja kwa mama yako. Nakala hizo mbili zinazungumzia mambo yale yale kwa mpangilio ule ule, lakini hapa na pale zinatofautiana maneno. Ukurasa wa nywele upo katika zote mbili; huku unaelekeza nywele za singa, kule unaelekeza nywele za kipilipili.

Mwili unapokua, au jeraha linapopona, seli hunakili kitabu chote kisha hugawika kuwa mbili, na kila moja hubaki na kromosomu 46 kamili. Mgawiko huo huitwa mitosisi. Sasa lau yai la mama na mbegu ya baba zingetengenezwa kwa njia hiyo hiyo, mtoto angekuwa na kromosomu 92, na mjukuu 184. Kiumbe hakiwezi kuendelea hivyo. Kwa hivyo kwa ajili ya uzazi kuna mgawiko wa namna nyengine, unaopunguza idadi iwe nusu. Mgawiko huo ndio meiosisi, na neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, maana yake kupungua. Mwaka 1883 Edouard van Beneden wa Ubelgiji alichunguza mayai ya mnyoo wa farasi, ambaye kromosomu zake ni chache mno na ni rahisi kuzihesabu. Aliona kuwa yai na mbegu kila kimoja huleta nusu, na nusu hizo mbili hukamilishana.

Kazi hii haifanyiki mahali pengine mwilini isipokuwa katika ovari za mwanamke na korodani za mwanamme. Nayo huenda hivi:

Kwanza, seli hunakili kila uzi, na nakala mpya hubaki imeshikamana na ule wa asili.

Pili, nyuzi za baba na za mama hutafutana. Namba 1 ya baba hulala ubavuni mwa namba 1 ya mama, namba 2 kwa namba 2, mpaka mwisho. Zikiwa zimelala hivyo hubadilishana vipande. Ni kama kurasa kadhaa za nakala ya baba kuhamia katika nakala ya mama, na kurasa zenye namba zile zile kurudi upande wa pili. Hakuna kinachopotea, lakini kila uzi sasa una maneno ya babu na ya bibi kwa pamoja.

Tatu, seli hugawika mara ya kwanza. Kila jozi hutenganishwa, mmoja upande huu na mwenziwe upande ule. Hapa ndipo idadi inaposhuka kutoka 46 hadi 23.

Nne, seli zile mbili hugawika tena, na kila uzi huachana na nakala yake. Seli moja imekuwa nne, na kila moja ina kromosomu 23.

Kwa mwanamme zote nne huwa mbegu, na kazi hiyo huanza anapobaleghe na kuendelea miaka mingi. Kwa mwanamke moja tu ndiyo huwa yai, ikachukua karibu akiba yote ya chakula, na zile nyengine ndogo hufa. Na la kuzingatia zaidi ni wakati wake. Mwanamke huanza meiosisi akiwa bado yumo tumboni mwa mama yake. Kisha kazi husimama katikati, na mayai hubaki yakingoja miaka kwa miaka. Baada ya kubaleghe, kwa kawaida yai moja kila mwezi huendelea na safari, na halimalizi mgawiko wa pili mpaka mbegu iingie ndani yake. Kwa hivyo yai ambalo wewe umetokana nalo lilikuwa limeshaanza kuandaliwa wakati mama yako alipokuwa tumboni mwa bibi yako.

Kwa nini ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani

Katika hatua ya tatu kila jozi hujitenga bila ya kuitazama jozi nyengine. Jozi moja ina njia 2 za kugawika. Jozi mbili zina njia 4, jozi tatu njia 8. Ukiendelea kuzidisha mara mbili hadi jozi ya 23 unapata njia 8,388,608. Hizo ni za mzazi mmoja. Ukizikutanisha na za mzazi wa pili unapata zaidi ya trilioni 70, na hapo bado hatujahesabu kule kubadilishana vipande. Pacha waliofanana kabisa wana jambo lao: wao wametokana na yai moja lililokwisha kutungwa, kisha likagawanyika.

Mwanasayansi husema mambo haya yanatokea "kwa bahati". Asituudhi. Anakusudia kuwa hakuna mtu anayeweza kuyajua kabla wala kuyaongoza. Sisi tunaamini kuwa yote yamo katika ujuzi wa Allah na kadari yake. Na katika jambo linalotuhusu hapa kauli hizi mbili zinafika pahala pamoja: mume hachagui, mke hachagui, wala mkwe hachagui.

Mwenye watoto wa kike tu

Jozi ya 23 ndiyo inayofuatana na jinsia. Mwanamke ana kromosomu mbili za X. Mwanamme ana moja ya X na moja ya Y. Meiosisi inapozitenganisha, kila yai la mwanamke hupata X, kwani hana nyengine. Mbegu za mwanamme, nusu hupata X na nusu hupata Y. Mbegu yenye X ikitangulia, kwa kawaida mtoto huwa wa kike. Ikitangulia yenye Y, huwa wa kiume. Mwaka 1905 Nettie Stevens wa Marekani aliliona hilo katika kidudu kinachokaa katika unga: majike walikuwa na kromosomu kubwa 20, na madume kubwa 19 na moja ndogo.

Kwa hivyo anayemlaumu mke kwa kuzaa mabinti analaumu asiyehusika. Suratun Najm, aya ya 45 na 46, zinataja kuwa dume na jike wameumbwa kutokana na tone linapomiminwa. Wala hatutaki sasa fimbo igeuzwe imwelekee mume, kwani naye hana mkono katika kuchagua mbegu ipi itangulie. Suratush Shura, aya ya 49 na 50, ziko wazi kuwa Allah humpa amtakaye wa kike na humpa amtakaye wa kiume, na wanavyuoni wamezingatia kuwa waliotajwa mwanzo ni wa kike. Na Suratun Nahl, aya ya 58 na 59, inaeleza namna uso wa mtu wa jahiliya ulivyokuwa ukisawijika akipewa habari ya kuzaliwa binti.

Yafaa pia kujua kuwa kila mimba ni hesabu mpya. Aliyezaa mabinti watano, mimba ya sita haina deni la mtoto wa kiume. Wapo wanaume wanaooa na kuacha wakitafuta mwana, na nyuma yao wanabaki wanawake na watoto bila matunzo. Talaka imo mkononi mwa mume, lakini ataulizwa aliitumiaje. Kumuacha mke, kumtukana au kumkatia matumizi kwa sababu ya kuzaa mabinti ni dhulma. Na tumkumbuke Mtume wetu (S.A.W.): watoto wake wa kiume walifariki wakiwa wadogo, waliokua ni mabinti zake Zaynab, Ruqayya, Ummu Kulthum na Fatima (R.A.), na kizazi chake kikaendelea kwa Fatima.

Mtoto asiyefanana na wazazi wake

Amepokea Abu Hurayra (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kisa cha bwana mmoja wa kabila la Fazara aliyemjia Mtume (S.A.W.) akisema mkewe amezaa mtoto mweusi. Alikuwa anaashiria kumkataa. Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama ana ngamia na rangi zao. Akajibu kuwa ni wekundu. Akaulizwa kama hakuna mwenye rangi ya kijivu kati yao. Akakiri wapo. Akaulizwa hao wametoka wapi. Bwana yule akasema huenda ni mshipa wa asili uliowavuta. Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa huenda na huyu mtoto kavutwa na mshipa wa asili. Wala hakumruhusu amkatae.

Leo tunaweza kueleza mvuto huo unavyokuwa. Jeni nyingine hujificha. Mtu hubeba maelekezo mawili ya jambo moja, moja likadhihiri na moja likanyamaza. Lililonyamaza linaweza kupita kwa babu, baba na mwana bila ya kuonekana, kisha meiosisi ikalitenga katika yai au mbegu, likakutana na mwenziwe, likadhihiri. Rangi ya ngozi nayo haiongozwi na jeni moja, inaongozwa na nyingi, na kila uzazi huzichanganya upya. Visiwani kwetu hili lisingetushangaza hata kidogo. Familia ngapi hapa zina bibi aliyetoka bara, babu aliyekuja na jahazi kutoka Oman, na nyanya wa Kingazija? Mtoto anaweza kurudisha sura ya mzee ambaye hakuna aliye hai anayemkumbuka.

Mfano ulio wazi zaidi ni mtoto mwenye ualbino anayezaliwa na wazazi weusi. Mara nyingi kila mzazi amebeba jeni moja iliyojificha bila kujua. Zinapokutana mbili, mwili hautengenezi rangi ya kutosha. Kusema kuwa mama alitembea na mzungu, au kuwa mtoto ni wa jini, ni uongo unaomuumiza mama na kumhatarisha mtoto.

Hukumu ya sheria ni hii. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa sahihi, kwa muda unaokubalika kisheria, nasaba yake ni ya mume. Kutofanana si ushahidi. Anayemtuhumu mwanamke aliyejistahi kwa zinaa bila mashahidi wanne amekabiliwa na onyo zito la Suratun Nur, aya ya 4. Mume ana mlango wake wa liani mbele ya kadhi, nao ni mzito wenye viapo na kujiapiza. Haukuwekwa kwa ajili ya pua na macho ya mtoto.

Wengine wanauliza: je, tukapime DNA? Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, katika kikao chake cha 16 mjini Makka mwaka 2002, liliamua kuwa haijuzu kutegemea kipimo hicho peke yake kukanusha nasaba wala kukitanguliza mbele ya liani, na pia haijuzu kukitumia kwenda kuhakiki nasaba iliyokwisha thibiti kisheria. Liliruhusu kitumike penye haja ya kweli, kama watoto waliochanganyika hospitali, au mtoto asiyejulikana wazazi wake anayedaiwa na zaidi ya mmoja. Anayempeleka mtoto wake maabara kwa sababu jirani amesema "huyu si wako" amefungua mlango uliofungwa na sheria.

Mimba zinazotoka

Kutenganisha jozi 23 bila ya kosa ni kazi nzito, na mara nyengine jozi moja haiachani. Yai au mbegu ikatoka na kromosomu 24, au 22. Mimba nyingi za namna hiyo haziendelei. Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo zina kasoro ya kromosomu. Mama hakufanya kosa. Hakubeba ndoo nzito kupita kiasi, wala hakukanyaga kitu.

Baadhi huendelea hadi kuzaliwa. Mashuhuri zaidi ni mtoto mwenye kromosomu tatu za namba 21, hali inayoitwa Down, ambayo sababu yake ilitangazwa mjini Paris mwaka 1959 na Jérôme Lejeune pamoja na wenzake Marthe Gautier na Raymond Turpin. Uwezekano wake huongezeka kwa umri wa mama. Kwa mama wa miaka 30 ni takriban mtoto mmoja katika 1,000, na kwa wa miaka 40 ni takriban mmoja katika 100. Wengi wanahusisha hilo na tulilolitaja, kuwa mayai yamengoja tangu kabla hajazaliwa. Hata hivyo kina mama vijana nao huwapata watoto hawa, na mara chache asili ni mbegu ya baba.

Hatukanushi kuwa husda na uchawi vimetajwa katika dini, na kinga yake ni dhikri na dua. Tunachokikataza ni kumnyooshea kidole jirani, mke mwenza au mke mwenyewe bila ushahidi. Ikiwa mimba zimetoka mara mbili au tatu, mke na mume waende kwa daktari pamoja. Kumpeleka mke peke yake ni kumhukumu kabla ya kuuliza. Na mtoto mwenye Down ni mtoto kama wengine: ana haki ya jina zuri, akika, mapenzi na madrasa.

Selimundu na ndoa za jamaa

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi wenye selimundu duniani. Jeni yake ipo katika kromosomu ya 11. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida ni mzima, na huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu imeenea katika nchi zenye malaria kama zetu. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa.

Wakioana wawili waliobeba, meiosisi huigawa: nusu ya mayai yana jeni hiyo na nusu hayana, na mbegu hali kadhalika. Kwa hivyo katika kila mimba uwezekano wa mtoto mgonjwa ni mmoja katika minne, wa mbebaji ni wawili katika minne, na wa asiye nayo kabisa ni mmoja katika minne. Tunasisitiza neno "kila mimba". Aliyepata mtoto mmoja mgonjwa asidhani watatu wanaofuata wamesalimika. Na wanaogombana ukoo upi umeleta maradhi tunawaambia: koo zote mbili. Bila ya fungu la kila upande mtoto asingeugua.

Kuoa mtoto wa ami au wa mjomba ni halali, na hatuharamishi alichohalalisha Allah. Lakini binamu wa damu hushirikiana kwa wastani thumuni moja ya jeni zao, kwa kuwa wamezipata kwa babu na bibi mmoja. Kwa hivyo jeni iliyojificha katika ukoo ina nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mwenziwe. Penye ukoo ulio na mgonjwa, kupima ni lazima kuliko pengine.

Atakayesema kuwa kupima ni kukosa tawakkul, basi akumbuke kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipokataa kuingia Sham penye tauni. Aliulizwa kama anakimbia kadari ya Allah, akajibu kuwa anaitoka kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah.

Nasaha zetu

Kwanza, vijana wapime damu kabla ya posa kupokewa, si baada ya mahari kutolewa na kadi kusambazwa. Hapo kurudi nyuma ni fedheha, na wengi huona bora kunyamaza. Majibu ni amana: hayaendi kwenye vikao wala kwenye makundi ya simu. Wakikutwa wote wawili wamebeba, ndoa yao si haramu, lakini wapate ushauri wa daktari na waamue wakiwa wanajua.

Pili, wazazi wa mume waache kuhesabu wajukuu wa kiume mbele ya mke wa mtoto wao. Neno moja la ukumbini limeshavunja nyumba nyingi.

Tatu, mwenye shaka na mtoto wake asianze kwa kusema. Akishalisema, hata akijuta, mkewe amekwisha kulisikia, na mtoto siku moja atalisikia. Amwendee kadhi au mwanachuoni anayemuamini, kwa siri.

Nne, walimu wetu wa madrasa wasiliogope somo hili. Kijana aliyelisoma skuli aulizwe nyumbani na awaeleze wazazi wake kwa Kiswahili. Likifahamika kabla ya kuoa, huenda baadhi ya kesi zinazofika kwa kadhi zisifike.

Tunamuomba Allah awaruzuku kizazi chema wasio na watoto, awape shufaa wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na azihifadhi ndoa zetu kutokana na dhana mbaya. Amin.

Wallahu aalam.